Mufasa Mawinguni, Babu Mpungini

Swali la kama wafu husema na walio hai ni kongwe kuliko dini zote zinazofuatwa leo katika milima ya Upare, na hakuna aliyetarajia lirudishwe mezani na katuni. Juni 1994 kampuni ya Walt Disney ilitoa The Lion King, filamu ya mwanasimba anayefiwa na baba, anatoroka kwao kwa aibu, kisha anarudi kudai kilicho chake. Katikati yake kuna kisa kimoja ambacho mashabiki wamekibishania kwa zaidi ya miaka 30. Simba, aliyekwisha kuwa mkubwa na kuzoea maisha ya kutojali, anaongozwa na nyani Rafiki hadi kwenye maji yaliyotulia. Anaona sura yake tu. Anaambiwa atazame tena. Mawingu yanakusanyika, yanapata manyoya ya shingoni na macho, na Mufasa aliyekufa anaanza kusema. Anamlaumu mwanawe kwa kusahau, anamwagiza arudi, kisha anayeyuka.

Je, Mufasa alikuwepo? Wako wanaosema ndiyo, kwa kuwa upepo ulivuma na nyasi zikalala. Wengine wanasema ni dhamiri ya Simba iliyojipa sauti ya baba. Wachache wanamtuhumu Rafiki kwamba alimchezea kijana akili, jambo ambalo waganga wameshitakiwa nalo tangu dunia iumbwe. Filamu yenyewe imeutega mtego huu mapema. Mufasa akiwa hai anamfundisha mwanawe kuwa wafalme waliopita wanawatazama kutoka nyotani. Baadaye Simba analirudia fundisho hilo mbele ya marafiki zake Timon na Pumbaa, na wanamcheka. Timon anadhani nyota ni vimulimuli walionasa juu. Pumbaa anadhani ni gesi inayowaka mbali sana. Kwa hiyo mtoto wa miaka sita huwekewa mezani, ndani ya dakika chache, imani ya mababu, uzushi wa mitaani na elimu ya anga, na mwenye elimu ya anga ni ngiri ambaye jina lake kwa Kiswahili lina maana ya kuduwaa. Toleo jipya la Jon Favreau, lililotoka 2019, lilikwepa: Mufasa hakupewa sura kamili, palikuwa na wingu na mmweko wa radi tu. Mashabiki waliolalamika walikuwa na hoja. Msimulizi anayeona haya kuamini hadithi yake mwenyewe huwaachia watazamaji kazi isiyo yao.

Msomaji wa Kiswahili huingia katika ubishi huu kwa mlango wa pembeni, kwa sababu majina ni yake. Simba, Rafiki, Sarabi, Shenzi na Pumbaa hayahitaji kamusi. Mufasa, kwa upande wake, si neno la Kiswahili. Wachoraji wa filamu walifika Kenya kutazama nchi kabla ya kuichora, na mbuga ya Hell's Gate huko Naivasha ilikuwa mojawapo ya sehemu walizopita. Maneno mengine yalichukuliwa moja kwa moja kibiashara: mwaka huo wa 1994 kampuni iliomba maneno “hakuna matata” yawe alama yake ya biashara kwenye nguo, ikasajiliwa 2003, na mwishoni mwa 2018 makumi ya maelfu ya watu walitia sahihi ombi la kuitaka iachie. Kelele zile zilikuwa na haki yake, ingawa Mtanzania wa kawaida husema “hamna shida” na kuendelea na safari. Kilichostahili kuulizwa zaidi ni kile ambacho filamu haikukichukua. Ilibeba majina ya Kiswahili ikaacha upande ambao Kiswahili kimewaweka wafu.

Upande huo ni chini. Mzimu, mizimu na kuzimu ni maneno ya shina moja, na kuzimu ni huko chini ya ardhi. Marehemu hushushwa. Kinywaji cha kuwatuliza wa kale humwagwa chini. Wazo la kupanda lilikolezwa na dini za kitabu, na hata humo anayepanda ni roho inayopokewa na Mungu. Mfalme anayegeuka nyota na kuendelea kutawala kutoka juu hayumo. Disney iliwageuza wazee juu chini, na geuzo hilo lina matokeo ambayo yanaonekana vizuri zaidi mtu akisimama mahali penye wazee waliowekwa ardhini kwa utaratibu maalumu.

Upare ni mahali pa namna hiyo. Milima yake imekatika vipande viwili: Upare Kaskazini, yenye Usangi na Ugweno, na Upare Kusini, inayopandwa kutokea mji wa Same na kufikia kilele cha Shengena, mita zipatazo 2,460 juu ya bahari. Zamani katika milima hii mazishi hayakuwa mwisho wa shughuli ya marehemu. Mtu mzima alizikwa, muda ukapita, kisha fuvu lake lilifukuliwa na kuwekwa pamoja na ya waliomtangulia, mara nyingi ndani ya chungu, chini ya miti au mwamba uliotengwa kwa ajili ya ukoo. Mahali hapo paliitwa mpungi. Pori jingine, mshitu, lilikuwa la kuwafundishia vijana utu uzima. Miti ya mahali hapa haikukatwa kiholela, ndiyo maana katikati ya migomba na kahawa bado huonekana vishungi vya msitu ambavyo mgeni huvidhania vimesahauliwa na shoka.

Mpungi ulimpa marehemu anwani. Aliyekuwa na jambo la kumwambia babu hakuinua macho nyotani. Alipanda njia ya mguu hadi kwenye miti ya ukoo wake, akiwa na mbuzi au kibuyu cha dengelua, pombe ya miwa, na hakwenda yeyote: alikwenda mwenye haki ya kwenda. Wala mazungumzo hayakuwa ya kufarijiana. Yalihusu mvua iliyochelewa, mtoto asiyepona, ugomvi wa mpaka wa shamba, ahadi iliyotolewa na baba na kuvunjwa na mwana. Mizimu ilikasirika. Ilidai. Jibu lake halikuja kwa sauti bali kwa ishara, na ishara zilihitaji mzee wa kuzisoma, ambaye naye aliweza kukosea au kupendelea. Ni utaratibu wenye mianya mingi. Lakini msingi wake ni wazi: wafu ni wadai, na deni lao liko kwenye kipande fulani cha ardhi.

Hata kiti cha enzi kilichoporwa, ambacho ndicho mgogoro wa filamu nzima, si kigeni huku. Profesa Isaria Kimambo, katika historia yake ya siasa za Wapare iliyochapishwa 1969, ameandika jinsi Washana, ukoo wa wahunzi, walivyoondolewa madarakani Ugweno na Wasuya. Tofauti ni kwamba katika simulizi ya Ugweno waliopindua hawakuwa Scar, mporaji wa filamu. Wao ndio waliopanga upya jando na utawala, na vizazi vyao ndivyo vilivyosimulia. Nani mporaji na nani mrithi halali ni jambo ambalo wafu wa upande mmoja tu hupata nafasi ya kulieleza.

Mwanzoni mwa karne ya 20 swali la wafu lilipata majibu mapya, na kwa kishindo. Walutheri wa Leipzig walishuka kutoka Kilimanjaro wakaingia Upare Kaskazini. Mwaka 1903 Waadventista Wasabato kutoka Ujerumani walianza kazi Upare Kusini, na hadi leo milima ile ni mojawapo ya ngome zao za kale kabisa Tanzania. Wakatoliki nao wana jimbo lenye makao mjini Same. Uislamu ulipanda na njia za biashara, ukatia mizizi Usangi na katika miji ya tambarare. Mmisionari Msabato Ernst Kotz, aliyeandika sarufi ya Chasu, lugha ya Wapare, alichapisha 1922 kitabu cha Kijerumani juu ya mila zao, na jina lake humwonyesha Mpare kama mfungwa wa hofu. Katika jina hilo hukumu imekwisha kutolewa: mpungi ni gereza, Injili ni ufunguo. Ni kweli hofu ilikuwepo. Lakini anayeogopa kumdhulumu mjane wa ndugu yake kwa sababu babu anaona si mfungwa wa hofu tu. Ana dhamiri, na dhamiri hiyo ina mahali inapokaa.

Kati ya mafundisho yote yaliyofika, la Wasabato ndilo linalogongana na wingu la Mufasa ana kwa ana. Wao hufundisha kwamba mtu akifa hajui neno lolote. Amelala hadi ufufuo. Sura ya 9 ya Mhubiri ndiyo nguzo. Basi kile kinachodai kuwa marehemu na kikasema hakiwezi kuwa marehemu, na kinachobaki ni udanganyifu. Kisa cha Sauli, katika Samweli wa Kwanza sura ya 28, husomwa hivyo hivyo: mfalme aliyebanwa alimwendea mwanamke wa Endori amwitie Samweli, na aliyepanda hakuwa Samweli bali roho mdanganyifu. Kwa msomaji huyu Rafiki, na fimbo yake na vibuyu vyake, ndiye mwanamke wa Endori aliyevaa manyoya ya nyani. Tena pingamizi la kwanza lingekuja hata kabla ya wingu, maana Ellen White, mwandishi na mmoja wa waanzilishi wa kanisa hilo, aliwaonya waumini juu ya kumbi za maigizo tangu karne ya 19.

Ni rahisi kulicheka pingamizi hilo, na si haki. Mwadventista ndiye pekee katika ubishi huu anayechukulia wingu kama dai la ukweli, linaloweza kuwa kweli au uongo. Shabiki anayesema “ni filamu tu”, kisha akalia kila Mufasa anapotokea, hajajiuliza analilia nini.

Waislamu wana barzakh, pazia kati ya kifo na ufufuo. Nyuma yake marehemu hajazimika: hupata raha au adhabu, na waumini hufundishwa kuwasalimu watu wa makaburini wapitapo. Kwamba wafu husikia ni jambo wanazuoni walilojadili sana, wakirejea Mtume alivyowaita kwa majina waliouawa Badr. Kwamba hujibu na kutoa amri ni jambo jingine. Mlango unaokubaliwa na wengi ni ndoto, nao una masharti yake. Wakatoliki huwaombea marehemu, hasa mwezi wa Novemba, na huwaomba watakatifu wawaombee, lakini hawasubiri marehemu wa kawaida ajitokeze na maagizo. Kwa hiyo mtoto wa Same anayewekewa muvi kwenye flashi dukani, akaitazama jioni na binamu zake, anaweza kuwa na nyumba moja yenye majibu matatu. Bibi akipita sebuleni huongeza la nne, kwa sauti ya chini.

Mtu aliyejaribu kulipa swali hili umbo la falsafa ni John Mbiti, kasisi na msomi Mkamba kutoka Kenya. Katika kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Afrika alitumia maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza wakati unavyokwenda. Mtu akifa haingii zamani mara moja. Yungali ndani ya sasa maadamu yupo aliye hai anayemkumbuka kwa jina, na Mbiti alimwita mfu-hai. Anapokufa mtu wa mwisho aliyemfahamu, vizazi vinne au vitano baadaye, marehemu huzama katika zamani na kuwa roho isiyo na jina. Mganda Okot p'Bitek alimshambulia Mbiti na wenzake kwa kuivika dini ya Afrika joho la Kigiriki na Kikristo, na shambulio lake lina uzito: si kila mkulima aliyemwaga pombe chini alikuwa na nadharia ya wakati. Hata hivyo wazo la Mbiti limesafiri. Mwaka 2017 Pixar, studio inayomilikiwa na Disney tangu 2006, ilitoa Coco, hadithi ya Wameksiko ambamo marehemu hufa mara ya pili pale anapokosa wa kumkumbuka duniani. Wameksiko wana sikukuu yao ya wafu, hawakumhitaji Mkamba kuwafundisha, lakini aliyesoma Mbiti huitazama filamu ile kama anayekutana na jirani ugenini. Na kampuni, ikitayarisha filamu hiyo, ilijaribu 2013 kulisajili jina la sikukuu yenyewe kuwa alama ya biashara. Ilirudi nyuma baada ya kupigiwa kelele. Ni wachache waliowahi kuwaza kuisajili siku ya kuwakumbuka marehemu.

Swali la nani ana ruhusa ya kumsemesha marehemu limekuwa kazi ya kila siku kwa kampuni hii. Mwaka 1964, kwenye maonyesho ya dunia ya New York, Walt Disney alionyesha sanamu ya Abraham Lincoln inayosimama na kuhutubia kwa mitambo, miaka 99 baada ya rais huyo kuuawa. Walt mwenyewe alifariki Desemba 1966. Julai 2025, bustani yake ya kwanza ya burudani huko California ilipotimiza miaka 70, ilizindua sanamu ya namna hiyo hiyo ya Walt, inayoinuka na kuongea kwa sauti yake iliyotolewa katika rekodi za zamani. Mashabiki wengi walifurahi. Mjukuu wake mmoja alipinga hadharani, akisema babu yake hakuwa hivyo. Ubishi ulikuwa wa ukoo na shirika, na shirika ndilo lenye mitambo.

James Earl Jones, aliyempa Mufasa sauti 1994 na tena 2019, alifariki Septemba 2024. Kabla ya hapo alikubali sauti yake ya Darth Vader, mhusika ambaye Disney ilimpata iliponunua Lucasfilm 2012, itengenezwe kwa akili mnemba, na 2025 sauti hiyo iliwekwa katika mchezo wa kompyuta ikajibizana na wachezaji, warithi wake wakiwa wameafiki. Upande mwingine yuko Chadwick Boseman, mwigizaji mkuu wa Black Panther, aliyefariki Agosti 2020. Kampuni iliamua kutompa mwigizaji mwingine nafasi yake na kutomchora upya kwa kompyuta. Filamu ya pili ya Black Panther, 2022, ilianza na mazishi na ikamwacha amekufa. Ulikuwa uamuzi wa heshima, na inafaa kusemwa hivyo, kwa sababu njia ya kinyume ilikuwepo na ingeleta fedha.

Kipimo cha mpungi kinasaidia kutenganisha mambo haya. Mzimu wa Upare, awe alikuwepo au hakuwepo, alikuwa na uwezo mmoja ambao sanamu ya Walt haina: kutaka jambo ambalo walio hai hawakulitaka. Aliweza kukataa mbuzi. Aliweza kukasirikia ndoa iliyokwisha kupangwa. Sanamu husema ilichopangiwa, na sauti ya akili mnemba husema chochote inachoulizwa ndani ya mipaka ya mkataba. Yote mawili ni mwangwi wa walio hai unaorudi kwao ukiwa umevaa uso wa marehemu. Ndiyo maana Mufasa wa mawinguni, kwa ajabu, yu karibu na mpungi kuliko mambo yote yaliyofanywa baadaye na kampuni iliyomchora. Anamkaripia mwanawe. Anamtaka aache raha alizozizoea arudi kwenye nchi iliyokauka, aliko mama yake. Msabato aliyemwita mdanganyifu na shabiki aliyemwita dhamiri wote wanakutana na ugumu huu: amri ile Simba hakuipenda, na ilikuwa ya haki.

Kasoro ya wingu ni kwamba halina mahali. Mufasa anaweza kutokea popote penye anga. Hana fuvu, hana miti, hana ukoo mwingine wa kupakana naye. Hata mwili wake, tangu korongoni alipokanyagwa na nyumbu, hauonekani tena, na hakuna anayeuliza ulizikwa wapi. Inaelezeka: katika filamu nzima hakuna binadamu hata mmoja. Ni Afrika Mashariki isiyo na watu, kwa hiyo isiyo na makaburi.

Kutoka Same picha hiyo ina sura nyingine. Mji umepakana na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, yenye simba wa kweli, mbwa mwitu na eneo la kulinda faru weusi, na inayoungana na Tsavo Magharibi ya Kenya. Jina lake huelezwa kuwa la Kipare, kijiko na maji, yaani nchi ambayo maji yake hayazidi kijiko. Ilitengwa kuwa pori la akiba 1951, ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa 2008. Mwaka 1988 wafugaji wa Kimaasai na Waparakuyo waliokuwa wakiishi na kuchunga ndani yake waliondolewa, na madai yao ya ardhi ya jadi yalifika hadi Mahakama ya Rufani bila kuwarudisha. Katika kesi hiyo swali la nani alitangulia, Mmaasai au Mpare au mwingine, lilizungumzwa kama jambo la ushahidi. Ndiyo lugha ya makaburi ikitafsiriwa kwa lugha ya mahakama: waliozikwa hapa ni wa nani. Uhifadhi una sababu zake, na faru wasingesalimika bila ulinzi. Lakini mtazamaji anayeamini kuwa nyika ya Simba ilikuwa tupu tangu mwanzo amefundishwa hivyo na mtu.

Mfano wa nyika hiyo ulijengwa pia. Aprili 1998, huko Florida, Disney ilifungua bustani ya Animal Kingdom. Ndani yake kuna mji wa kubuni wa Afrika Mashariki uitwao Harambe, harambee iliyopungukiwa herufi moja, wenye kuta zilizochakazwa kwa makusudi na milango inayokumbusha Lamu. Kutoka hapo magari huwapeleka wageni kwenye safari iliyopewa jina la Kilimanjaro, katikati ya wanyama hai na mibuyu ya saruji. Ufundi wake ni wa hali ya juu, na mtu wa Lamu angetambua mengi. Angekosa makaburi, ambayo katika miji halisi ya Waswahili yako ndani ya mji, kando ya misikiti, watu wakipita nayo kila siku.

Na hapo ndipo mashabiki wenyewe walipotoa ushahidi ambao hakuna mwanafalsafa angeubuni. Mwaka 2018 magazeti ya Marekani yaliripoti kwamba watu huingia katika bustani za Disney na majivu ya ndugu zao waliochomwa, wakayamwaga kwa siri: kwenye vitanda vya maua, majini, na zaidi katika jumba la mizimu ya kuchekesha. Kampuni inakataza, na wafanyakazi wana msemo wao wa siri wa kuitana waje na mashine ya kufyonza vumbi yenye kichujio maalumu. Wanaofanya hivyo hawajawahi kusikia habari za mpungi. Lakini wamefikia hitimisho la wazee wa Ugweno: marehemu anahitaji mahali, mahali hapo pawe pale alipopenda au alipostahili, na walio hai waweze kuparudia. Walichokosa ni ukoo wenye mamlaka juu ya ardhi. Mpungi una mwenyewe anayejua nani amelala wapi. Bustani ina mwenyewe anayelipisha kiingilio na kusafisha usiku, na babu huishia ndani ya mfuko wa mashine.

Upare wa leo hauko katika hali safi ya kuwacheka. Mafuvu mengi yameachwa, mipungi mingine imekatwa kwa mbao au kugeuzwa shamba, na wajukuu wako Dar es Salaam na Arusha. Wengi wa waliobaki ni Wakristo au Waislamu wasioamini kwamba babu anangoja dengelua. Hata hivyo miti kadhaa imesimama. Kazi ya pamoja ya msaragambo bado husafisha ndiva, mabwawa ya kale yanayogawa maji ya mfereji kwa zamu, na anayeuliza kwa nini zamu iko hivyo hujibiwa kwa majina ya waliokufa. Mkristo asiyeamini mizimu anaweza kuukwepa mti wa mpungi kwa panga lake bila kuona kwamba amejipinga. Akiulizwa atasema ni heshima. Neno hilo halijafafanuliwa vya kutosha, si na wachungaji wala na wanafalsafa.

Na mtu akifa mbali, hurudishwa. Basi huondoka Dar usiku na jeneza, hupita Same alfajiri, huacha lami na kupanda. Kaburi huchimbwa kwenye shamba la ukoo, mara nyingi hatua chache kutoka kwenye migomba. Hapo marehemu hasemi, wala hakuna anayedai kuwa anasema. Mtu wa familia husimama na karatasi akasoma wasifu wake: alizaliwa wapi, alisoma wapi, ameacha watoto wangapi. Mchungaji au shehe hufanya sehemu yake. Kisha, kabla watu hawajatawanyika, mzee wa ukoo hutoa tangazo ambalo halikosekani: kama kuna mtu anamdai marehemu, au marehemu anamdai, aje aonane na familia.